Duka lisilo na kibao Kariakoo: nilikobadilisha gitaa, nikanunua jingine, na sasa najifunza

Ukiuliza jina la duka hili hutapewa, kwa sababu halina. Mlangoni hakuna kibao wala tangazo. Juu ya kizingiti limening'inizwa gitaa lililovunjika shingo, na hiyo ndiyo alama yake. Wateja husema tu "kwa Fundi". Lipo Kariakoo, upande wa Msimbazi, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vitambaa. Mimi ni fundi cherehani, naishi Kimara, na kwa miaka 15 nimekuwa nikipanda gari, siku hizi basi la mwendokasi, nashuka Msimbazi, naingia jengo hilohilo kununua bitana, zipu na vifungo. Sikuwahi kujua kwamba zile ngazi za nyuma zinapanda kwenye magitaa.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa nasubiri kukatiwa mita 6 za bitana, nikasikia mtu huko juu anakaza uzi. Aliyewahi kuisikia sauti ile haisahau: inapanda polepole, inasita, inashuka kidogo, inapanda tena mpaka inakaa. Nikamwambia muuzaji anishikie mzigo wangu, nikapanda.

Kabla sijasema habari za duka, niseme nilikotokea. Mjomba wangu, kaka yake mama, alipiga gitaa la ridhimu, lile linaloshikilia mdundo nyuma ya wimbo, kwenye bendi ya kiwanda kwa miaka 11. Vijana wengi hawajui kwamba bendi tulizokua tukizisikia redioni nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, jeshi na polisi nao walikuwa na zao. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara mwisho wa mwezi, na vyombo vikabaki kuwa vya mwajiri. Kila Jumatatu asubuhi mjomba alirudisha gitaa stoo na kutia sahihi kwenye daftari. Kiwanda kilipofungwa, bendi ikafa nacho, na mjomba akarudi nyumbani mikono mitupu. Alipiga gitaa ujana wake wote, akaondoka duniani bila kuwahi kumiliki hata moja. Mimi alinifundisha nikiwa na miaka 9, kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, la kuazima kwa jirani. Tulikuwa na kodi tatu tu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, C, F na G, na jioni chache kabla mwenye gitaa hajahama.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka 42, niliamua kununua la kwangu. Niliingia duka moja mjini, silitaji. Muuzaji alinionyesha kibandiko cha kampuni kubwa ndani ya tundu, akakung'uta nyuzi mara moja, akalitia kwenye boksi. Shilingi 180,000. Nyumbani nikagundua nyuzi ziko juu mno ya shingo, kuzibonyeza ni kazi ya koleo. Nikavumilia. Mwezi wa nne daraja, kile kipande cha mbao tumboni mwa gitaa kinachoshika nyuzi, likaanza kunyanyuka kwa nyuma kama soli ya kiatu inayobanduka. Niliporudi nalo dukani niliambiwa sijui kulitunza. Nikaliweka juu ya kabati, na kwa muda mrefu niliamini kosa ni langu.

Ndiyo sababu nilipofika juu ya ngazi zile nilisimama mlangoni kwanza. Chumba ni kirefu na chembamba, kama behewa. Ukutani kushoto yananing'inia magitaa, labda 30, mapya na yaliyotumika yamechanganywa. Kulia kuna meza ya kazi yenye taa ya kuinamisha, tupa za kila unene, msasa, rula za chuma, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vyeupe ambavyo baadaye nilijua ni mifupa. Mzee wa miaka sitini na kitu alikuwa ameinama, amevaa aproni ya jinzi iliyochakaa mifukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu ndani, ila usikanyage hapo chini, kuna gundi."

Kijana wake akaniuliza natafuta gitaa la mtoto wa umri gani. Nikamwambia ni la kwangu. Mzee akaacha kazi yake, akanitazama, akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote anayeuza chombo cha muziki: "Nyumbani unakaa kwenye nini?"

Nikamwambia, mara nyingi kwenye stuli ya cherehani. Akamtuma kijana alete stuli fupi, akanikalisha, akaanza kunipa magitaa moja baada ya jingine. Hakuniambia nipige. Aliniambia nilikumbatie tu, nikae nalo. La kwanza lilikuwa Yamaha F310, ambalo ukizunguka makanisa ya Dar utalikuta kila mahali. Tumbo lake ni kubwa, mimi ni mfupi, na bega langu la kulia likapanda juu kama mtu anayebeba ndoo. Akalichukua. La pili lilikuwa Yamaha C40 la nyuzi za nailoni. Nyuzi laini, vidole vikafurahi, lakini shingo ni pana, kama milimita 52 pale juu, na kidole changu kidogo hakikufika kwenye uzi wa sita. La C40 likarudi ukutani. La tatu ndilo nililoondoka nalo hatimaye: FS800 iliyotumika, ya mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Shingo yake ni nyembamba, tumbo ni dogo kuliko la F310, na ubao wa mbele ni wa kipande kimoja cha mti, si mbao nyembamba zilizobandikwa. Bega likatulia.

Mimi hufanya hivyohivyo na mteja wa suti. Simuulizi anataka rangi gani kabla sijamwona anavyosimama. Tangu pale nilijua niko kwa fundi mwenzangu, na yeye aliposikia kazi yangu akaanza kuniita hivyohivyo, "fundi mwenzangu", na hajaacha.

Siku ya pili nilimpelekea gitaa langu la juu ya kabati. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo duka hili linapotofautiana na mengine yote niliyoingia. Aliligeuza, akaingiza ncha ya karatasi chini ya daraja, ikazama karibu sentimita nzima. Akachukua rula, akapima umbali wa uzi mnene kutoka kwenye freti ya 12, freti zikiwa vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Milimita 5. Akanionyesha gitaa jingine alilokuwa amelimaliza siku hiyo: milimita 2 na nusu. Kisha akanieleza kilichotokea, polepole, na penseli mkononi.

Lile gitaa lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Nyuzi 6 za nailoni zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi zikijumlishwa. Aliyeniuzia, au aliyemletea, alizitoa akaweka za chuma kwa sababu zina sauti kubwa dukani. Nyuzi za chuma, hata zile nyepesi za kawaida, zinavuta kilo 70 na zaidi. Kilo hizo zote zinashikwa na kile kipande kimoja cha mbao na gundi yake. Kwanza shingo inapinda kuelekea mbele, ndipo nyuzi zinaponyanyuka na vidole kuumia. Halafu daraja linaanza kubanduka. Joto la chumba kilichoezekwa bati linamalizia.

"Hukufanya kosa lolote," akasema. "Lilikuwa limeshakufa siku uliyolinunua."

Sina namna ya kueleza maneno yale yalivyonipunguzia mzigo. Miaka miwili nilikuwa nimesadiki kwamba mkono wangu hauna gitaa ndani yake.

Akanipa bei: atalichukua kwa shilingi 70,000, zipunguzwe kwenye la FS800 alilokuwa akiliuza 480,000. Nikauliza yeye atapata nini kwa gitaa bovu. Akanijibu bila kuficha: atabandua daraja lote, atasafisha gundi ya zamani, atagundisha upya na kulibana siku mbili, atarudisha nyuzi za nailoni, kisha atauza 95,000 au 100,000. Wiki tatu baadaye nilikuwepo kijana wa sekondari alipokuja kulinunua. Fundi alimwonyesha alama ya gundi pembeni mwa daraja, akamwambia limewahi kubanduka na kwa nini, akamkataza kabisa kuweka nyuzi za chuma, akalipwa 95,000. Wauzaji wa magitaa yaliyotumika hawana desturi hiyo, nami nimeyaona hayo kwa macho yangu, sikusimuliwa.

La kwangu sikupewa siku ileile. Alisema lazima alitengeneze kwanza, na likitoka mezani lilale usiku mmoja likiwa limekazwa, mbao zizoee. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama kwa saa nzima. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma kuna fimbo ya chuma inayopambana na ule mvuto. Aliikaza kwa ufunguo mdogo uliopinda, robo mzunguko, akasubiri, akatazama kwa jicho moja kutoka kichwani kushuka chini, kama ninavyotazama mshono wa pembeni wa suruali kuona kama umenyooka. Robo nyingine. Basi, akaacha. Kile kipande cheupe juu ya shingo, ambamo nyuzi hupita kwenye vijia vyake kabla ya kufika kichwani, kilikuwa cha plastiki na kimeliwa. Akakitoa, akachagua kipande kwenye lile kopo la maziwa.

Ni mfupa wa ng'ombe. Anaununua machinjioni Vingunguti, anauchemsha kutoa mafuta, anauanika wiki kadhaa, kisha anaukata. Aliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akachonga vijia 6 kwa tupa 6 tofauti, kila kijia kwa unene wa uzi wake, akiweka uzi, akisikiliza, akiondoa, akisugua mara mbili tu, akirudisha. Vile vijiti vinavyobana nyuzi kwenye daraja navyo amevichonga mwenyewe, kwa vipande vya mpingo anavyopata kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Wazungu wanauchukua mpingo wetu kutengenezea klarineti na zumari zao, akasema, nasi tutumie hata makombo yake. Ni vijiti vyeusi tii, vizito kuliko unavyotarajia.

Nilirudi Alhamisi. Nikabonyeza F, ile kodi iliyonitoa machozi kwenye gitaa la kwanza, na ikalia. Haikulia vizuri, kidole cha shahada bado hakijalala sawasawa, lakini nyuzi zote 6 zilisikika. Nililipa 410,000 kwa lipa namba. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na nyuzi mpya, matengenezo yote niliyoeleza, piki mbili, vile vibamba vya kupigia nyuzi, na ahadi ya mdomo kwamba kwa miezi 3 nikisikia uzi unavuma vibaya nirudi atazame bure. Nimerudi mara moja. Alitazama bure.

Kwa anayeleta gitaa lake mwenyewe, matengenezo ya namna hiyo ni 35,000 na nyuzi juu yake. Nyuzi za gitaa kavu alizonazo ni kati ya 18,000 na 25,000, na anauza pia uzi mmoja mmoja, jambo zuri kwa wanaokata uzi wa kwanza kila wiki. Magitaa mapya ya bei ya chini anayo, kuanzia 160,000, ya Kichina yasiyo na jina kubwa. Hayadharau. Nimemwona akilichongea gitaa la 160,000 mfupa uleule na kulipimia kwa rula ileile, kwa sababu, kama alivyosema, anayeanza ndiye anayehitaji gitaa jepesi kuliko sisi wote. Kwa hilo peke yake ningemshauri mzazi yeyote apande zile ngazi kabla hajamnunulia mtoto gitaa la zawadi mahali pengine.

Yapo pia yanayoudhi. Joto la mle ndani baada ya saa sita mchana halivumiliki. Kuna feni moja na inamwelekea yeye na gundi yake. Anayepiga kwa mkono wa kushoto hatapata kitu, nilimwona dada mmoja akiondoka amenyong'onyea. Risiti hupewi mpaka uombe, na ukiomba unaandikiwa kwa mkono. Magitaa ya umeme yapo 7 au 8, lakini ampu, kile kikuza sauti cha kujaribia, ni moja tu, na umeme ukikatika hana jenereta, kwa hiyo unaweza kusafiri kutoka Bunju au Gongo la Mboto ukaambiwa uje kesho. Na mzee hapokei simu akiwa na tupa mkononi. Kama unataka kujua kitu, nenda mwenyewe, asubuhi.

Sasa masomo. Kila Jumamosi saa 4 asubuhi meza ya kazi inasogezwa ukutani, zinapangwa stuli, na rafiki yake Fundi anakuja kufundisha. Tunamwita Mwalimu. Ni mzee aliyepiga solo la pili kwenye bendi za dansi, anavaa kofia ya kitambaa hata kwenye joto lile. Tupo 8: vijana watatu wa kwaya, dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, baba mmoja mstaafu na mwanawe, na mimi. Somo ni 10,000.

Kila kijana anayeingia mle anataka solo. Anataka zile za Mbaraka Mwinshehe, na simlaumu, kwani tangu Mbaraka afariki mwaka 1979 ni wachache waliolifanya gitaa lizungumze namna ile. Mwalimu anawasikiliza, kisha anawarudisha wote kwenye ridhimu. Anasema muziki wa dansi si mtu mmoja. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna ridhimu na kuna besi, na kila moja lina nafasi yake ambayo wengine wanapaswa kuiacha wazi. Alitupanga wawili wawili. Mmoja anapiga kodi kwenye pigo, mwenzake anaingiza noti tatu pale ambapo kodi imenyamaza. Ukijaza nafasi yako na ya mwenzako, anapiga meza kwa kiganja na tunaanza upya. Jumamosi ya kwanza tulianza upya kama mara 20.

Nililielewa jambo lile kwa haraka kuliko wengine, na najua kwa nini. Ridhimu ni bitana ya koti. Mnunuzi haitazami, anatazama kola na vifungo, lakini koti lisilo na bitana halikai mabegani. Mjomba alikuwa bitana kwa miaka 11. Nikisikiliza sasa rekodi za zamani za Msondo au Mlimani Park, sikio langu linaliruka solo kwenda kulitafuta lile gitaa la katikati linalokwenda bila kuchoka, na nikilipata nalifuata mpaka wimbo uishe.

Siku nyingine Mwalimu alituonyesha upigaji wa Katanga, kusini mwa Kongo, wa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na shahada ikiimba kwenye nyembamba. Akatuambia habari za Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akiwa na gitaa kavu moja linalosikika kama mawili, akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Yule dereva wa bodaboda, aliyekuwa akitaka solo za haraka tu, alinyamaza kabisa. Tangu siku ile hajaleta piki.

Lakini Mwalimu nina neno naye, na nilishamwambia usoni, kwa hiyo si kumsengenya. Jumamosi ya pili magitaa hayakutosha, wawili walikuwa hawajanunua yao, akasema, "Mama atuimbie, vijana wapige." Gitaa langu mwenyewe, nililolibeba kwenye mwendokasi lililojaa, akalinyoosha mkono kumpa kijana. Nikakataa. Nikamwambia kwa heshima kwamba kuimba naimba kanisani bure, hapa nimelipa kupiga. Kimya kikaingia. Fundi, aliyekuwa kwenye kona yake, akateremsha gitaa ukutani, akampa yule kijana, akarudi kwenye kazi yake bila kusema neno. Mwalimu akaniomba radhi mbele ya wote, na sijaona akirudia. Nalieleza hili kwa ajili ya dada atakayesoma hapa akitaka kwenda: katika bendi zetu wanawake wamesimama mbele kwenye maiki kwa miaka mingi, gitaa likabaki zaidi kwa wanaume, na wazee wetu hawajazoea. Nenda, na lishikilie gitaa lako.

Kasoro nyingine ya masomo ni kwamba hakuna kinachoandikwa. Mwalimu anafundisha kwa sikio, ukisahau umesahau. Mimi namrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na usiku nikimaliza kazi nasikiliza huku nimekaa kwenye stuli ileile. Mkono wangu wa kulia una sugu ya sindano kwenye kidole cha kati tangu nikiwa msichana. Sasa wa kushoto nao una sugu nne mpya kwenye ncha za vidole.

Lazima pia msomaji ajue kwamba tangu mwezi wa tano nina biashara na duka hili, alipime hilo anaposoma sifa zangu. Mifuko ya magitaa inayoletwa kutoka nje ni myembamba, zipu zake hufa mapema. Fundi aliniuliza kama naweza kushona. Nikapima gitaa langu kwa tepu, nikakata turubai, nikaweka sponji ya sentimita 2 katikati na bitana laini ndani isiyokwaruza rangi, zipu ya meno makubwa, mikanda miwili ya mgongoni. Tumekubaliana mfuko mmoja kwa masomo manne. Nampelekea pia mabaki ya pamba safi, anawapa wateja wafutie nyuzi kila wakimaliza kupiga, maana jasho na hewa ya bahari ya Dar vinazila nyuzi kwa kutu ndani ya wiki chache. Hilo la kufuta nyuzi lifanye hata kama hutakanyaga duka lile. Na usilitundike gitaa ukutani panapopigwa na jua la jioni, wala usiliache ndani ya gari.

Jumamosi iliyopita nilibeba kitu kingine. Nilisema mjomba alirudi mikono mitupu, lakini alibaki na waya mmoja, ule wa kuunganishia gitaa na ampu, mita 3 hivi, mweusi, ncha moja imezungushiwa uzi wa cherehani aliouchukua kwa mama. Stoo hawakuudai. Nimeutunza kwenye boksi la vifungo. Fundi alifungua jeki zote mbili, zile plagi za ncha zake, kwa bisibisi ndogo, akamwita Mwalimu, wakainama pamoja chini ya ile taa. Akasema ulehemu ni safi, haujaguswa, aliyeufanya alikuwa na mkono uliotulia. Akauzungusha ule uzi wa cherehani kwa kidole, akasema hautoi, uko sawa ulivyo.

Kisha akanyoosha mkono kuchukua gitaa la umeme tujaribu, na umeme ukawa umekatika tangu saa 3. Tulisubiri mpaka saa 8. Ikabidi niondoke, nina sare za shule za kumaliza. Waya nimeuacha pale kwenye msumari ulio juu ya meza yake, una karatasi yenye jina la mjomba, na mfuko wa nne naupeleka Jumamosi hii.